Nalva wa Bendera Nyeupe

Lindinalva alikuwa amewajazia mafuta watu wa mji mdogo wa Pedra Mansa kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakutokea mteja aliyemshinda kwa maneno. Ukisimamisha gari kwenye pampu yake ulipata petroli, ukafutiwa kioo, kisha ukapewa maoni juu ya serikali, ndoa yako na matairi yako, upende usipende. Mbele yake watu walimwita Dona Nalva, yaani Bi Nalva. Akigeuka walimwita Nalva Mdomo, naye jina hilo alilijua na lilimpendeza.

Kituo alichofanyia kazi kilikuwa cha bendera nyeupe, yaani kile kisicho na jina la kampuni kubwa juu ya paa, ambacho mwenyewe hununua mafuta popote atakapoyapata kwa nafuu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo chenye bendera. Paa lake lilipakwa rangi kila mwaka, taa ziliwaka hata mchana, wahudumu walivaa kofia safi, na petroli yao ilikuwa ghali kidogo kuliko ya akina Nalva. Madereva waliopunguza mwendo katikati ya barabara wakisita, huku au kule, Nalva aliwaita bila haya.

"Njoo huku, baba. Mafuta yote yanatoka bomba moja. Lori lao na lori letu yanapanga foleni kwenye bohari ile ile. Wao wanatia kijiko cha dawa ya kusafishia injini, halafu wanakulipisha kofia na taa. Unataka kusafiri au unataka kupiga picha?"

Na hakuwa akidanganya. Aliwahi kufika huko bohari, akayaona malori hayo kwa macho yake, lenye jina kubwa mbele na lisilo na jina nyuma, yakijazwa kwa mpira mmoja. Alichokuwa hakisemi, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, ni kwamba lori likishatoka pale lina safari ndefu na sehemu nyingi za kusimama, na kwamba tangi lililofukiwa chini ya kituo halina dirisha. Petroli ya bei nafuu inaweza kuwa nzuri sawasawa na ile ya bei ghali. Inategemea mwenye tangi anaogopa nini zaidi, dhambi au hasara. Mwenye tangi lao alikuwa Seu Evilásio, yaani Bwana Evilásio, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kuogopa dhambi.

Kwetu petroli iliyotiwa kisicho chake husemwa kuwa imebatizwa. Muuza maziwa hubatiza maziwa kwa maji, mwenye baa hubatiza pombe, na mwenye pampu hubatiza petroli kwa spiriti ya miwa. Kiasi fulani cha spiriti hiyo kimo humo kwa ruhusa ya sheria, lakini wapo wanaozidisha mpaka ikawa nusu kwa nusu. Neno ni lile lile analolitumia padri kanisani, na watu hulicheka.

Tangu barabara mpya ilipofunguliwa upande wa pili wa mto, malori makubwa yalihama na kituo kikapoa. Seu Evilásio akaanza kukonda. Akaanza pia kununua kwa mtu ambaye Nalva hakuwahi kumwona, na lori la mtu huyo lilikuja alfajiri na kuondoka kabla kahawa haijachemka.

Jumanne ile ya mwezi wa Agosti, baridi ikiwa kali na ukungu umelala juu ya mlima wa Galo, lori lile lilimwaga mzigo wake saa kumi na mbili asubuhi. Nalva aliinama juu ya mdomo wa tangi akavuta pumzi. Ilinukia utamu, utamu wa spiriti. Alikuwa na pua ya miaka ishirini na miwili, na pua hiyo ilimwambia mara moja.

"Seu Evilásio, hii tuipime kwanza."

"Imeshapimwa ilikotoka, Dona Nalva. Karatasi si hii hapa?"

"Karatasi hainuki."

"Na wewe umebakiza miaka mingapi ustaafu? Mitatu?" Alisema hivyo kwa upole, akimmiminia kahawa kutoka kwenye chupa. "Kunywa, kuna baridi."

Nalva akanywa. Karatasi akaitia kwenye droo. Nitasema wazi, kwa sababu nampenda: aliogopa. Alikuwa mjane tangu kijana wake akiwa na miaka minne, mshahara wa pampu ndio uliomlea kijana huyo, na hakuna kituo Pedra Mansa ambacho kingemwajiri mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye goti bovu. Hofu hiyo aliificha hata kwake mwenyewe. Alijiambia kwamba asubuhi ya baridi hudanganya pua.

Saa moja na nusu Adeilton, kijana wake huyo, alisimamisha gari kando ya pampu. Taíse, mkewe, alikuwa amelazwa kiti cha nyuma, miguu juu ya mto, uso umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Mimba ilikuwa ya miezi saba na siku chache. Presha yake ilikuwa imepanda tangu usiku, na muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia kwamba mtoto huyo lazima atolewe leo, kwenye hospitali kubwa ng'ambo ya mlima, na wafike kabla ya saa tano. Gari la wagonjwa la manispaa lilikuwa limekwenda mji mkuu na wagonjwa wa figo.

"Baraka yako, mama," alisema Adeilton kupitia dirishani, kama alivyosema kila asubuhi ya maisha yake.

"Mungu akubariki, mwanangu. Taíse, binti, unaonaje?"

"Naona nyota, Dona Nalva," Taíse akasema, akijaribu kucheka. "Mchana kweupe, naona nyota."

Adeilton hakuzima injini. "Mama, nimepita kukuaga tu. Najaza pale kwa wenye bendera."

"Kwa nani?"

"Leo tu. Ni mlima huu, na gari lenyewe unalijua."

Gari lenyewe lilikuwa la mwaka tisini na mbili. Magari mapya ya kwetu hunywa petroli, hunywa spiriti, hunywa vyote viwili vikichanganywa, wala hayalalamiki. Yale ya zamani hunywa petroli peke yake, na ukiyapa spiriti nyingi kwenye baridi yanakohoa na kulala barabarani. Jambo hilo Nalva alilijua kuliko mtu yeyote pale. Lakini mhudumu mmoja mwenye kofia safi ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama akiwatazama, na Gesiel, mwenzake wa pampu ya pili, alikuwa akitabasamu kwa masihara, akingoja kuona mwana wa Nalva Mdomo akivuka kwenda kwa maadui.

"Mwanangu mwenyewe," alisema Nalva, na tayari alikuwa amekwisha kufungua kifuniko cha tangi la gari. "Nimekulea kwa bomba hili. Umesomeshwa na bomba hili. Leo unataka kwenda kulipia taa? Zima injini."

"Mama, mi nasema tu…"

"Zima, mtoto, tunapoteza muda."

Akazima. Nalva akajaza mpaka pampu ikajikata yenyewe. Petroli ilipokuwa inaingia aliisikia tena harufu ile tamu ikipanda, akageuza uso pembeni. Kisha akaingiza mkono dirishani akamchora Taíse msalaba kwenye paji la uso. Gari likawaka, likapanda barabara ya mlimani na kumezwa na ukungu.

Mpaka saa nne aliweza kutofikiri. Alijaza magari, akagombana na mwenye pikipiki, akala mkate wa jibini akiwa amesimama. Ndipo alipokuja Ubirajara, mwalimu mstaafu, na gari lake kuukuu analoling'arisha kuliko viatu. Mzee huyu kila mwezi alidai haki yake ya kisheria: petroli ipimwe mbele yake kabla haijaingia. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa mtu wa vitabu, na pia kwa sababu alipenda kumsikia Nalva akilalamika.

"Dona Nalva, leo nataka misa kamili. Lete kioo."

"Mwalimu, huna mke wa kumsumbua?"

"Amechoka. Ndiyo maana nakuja kwako."

Kila kituo kina kioo hicho, kirefu na chembamba, chenye mistari mpaka mia moja. Unatia petroli nusu, unatia maji ya chumvi nusu, unaziba mdomo, unakipindua mara kumi, unakiacha. Maji huivuta spiriti yote na kushuka nayo chini, petroli hubaki juu. Unasoma mstari uliopo kati yao. Ukiwa kwenye sitini na tatu hivi, petroli ni halali. Nalva alikuwa amefanya hivyo mara elfu.

Siku hiyo kizibo kilimponyoka mara mbili. Alikipindua kioo mara kumi, akakiweka juu ya meza ya chuma, na wakasimama kungoja robo saa. Mwalimu alisimulia habari za mbwa wake. Nalva hakusikia neno. Alikuwa akiyaangalia maji yakipanda. Yalifika sitini na tatu, yakapita. Yalifika sabini, yakapita. Yaliposimama yalikuwa kwenye sabini na nane.

Ubirajara alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. Utani ulikuwa umemtoka. "Zaidi ya nusu ni spiriti," alisema kwa sauti ya chini. "Mama, hii si petroli. Hii ni pombe ya harusi."

Seu Evilásio alitoka ofisini haraka. Alikichukua kioo akamwaga kila kitu kwenye mfereji. "Chombo kichafu, mwalimu. Kilikuwa na spiriti ya jana."

"Nilimwona akikiosha," akasema mwalimu. Akaingia kwenye gari lake, akavuka barabara, akajaza kwa wenye bendera. Alikuwa mtu wa adabu na hakupiga kelele, ila alisema atawapigia simu wakaguzi.

Nalva alimgeukia bosi wake. "Seu Evilásio," alisema, "Adeilton yuko mlimani na hii. Yuko na Taíse."

Yule bwana alifumba macho kidogo. Hakuwa mnyama. "Magari yatakunywa tu, Dona Nalva. Wiki nzima yanakunywa."

"Lake haliwezi."

"Labda litaweza. Litakuwa limeshafika sasa hivi." Akatazama barabarani, ambako gari lilikuwa linaingia. "Mteja huyo."

Nalva akamhudumia. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo nikisimulia. Alimhudumia huyo na wengine baada yake, gari baada ya gari, kwa mkono ule ule, akiwa anajua, kwa sababu mwili wake ulikuwa umezoea na kichwa chake hakikuwepo. Kichwa kilikuwa mlimani. Alizijua kona zote za Galo. Alijua pale Kona ya Mtawa ambapo barabara haina ukingo wala mahali pa kujibanza, na malori ya mawe hushuka ndani ya ukungu yakipiga honi. Aliliona gari dogo likizima pale. Alimwona Adeilton akishuka kulisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, na Taíse nyuma akishika tumbo na kuona nyota zake.

Alipiga simu. Mlimani hakuna mtandao, hilo kila mtu analijua, lakini alipiga hata hivyo, mara tisa, na mara tisa sauti ile ya kike ikamwambia kwamba mtu unayemtafuta hapatikani. Akaandika ujumbe: *Gari linaendaje?* Ukabaki na alama moja, haujafika.

Gesiel alimsogelea. "Shangazi, kaa chini kidogo. Umekuwa mweupe."

"Gesiel, niambie ukweli. Lako lilikohoa wiki hii?"

Gesiel alikuna shingo. Pikipiki yake ilikuwa kuukuu. "Mi huwa najaza pale ng'ambo," alisema. "Samahani, shangazi. Nilidhani unajua."

Saa tano ikapita. Alipiga hospitali, simu ikaita mpaka ikakatika. Saa sita akawapigia polisi wa barabara kuu, wakamwambia kuna ukungu mzito na hawana taarifa ya ajali. Alikwenda chooni akatapika ule mkate wa jibini, akaosha uso, akarudi kwenye pampu. Alijaribu kusali lakini alikwama kila alipofika mahali pa kusema kosa lake, akaanza upya.

Saa saba na robo simu ilitetemeka mfukoni. Alama ya pili ilikuwa imetokea kando ya ujumbe wake, na chini ya swali lake, *Gari linaendaje?*, kulikuwa na jibu la Adeilton, neno moja.

*Wameshabatiza.*

Nalva aliketi juu ya ngazi ya pampu. Kwanza alishukuru Mungu, kwa sababu maiti hawaandiki. Kisha aibu ikamfunika. Kijana amejua. Fundi fulani wa kule amefungua, amenusa, amemwambia: ndugu, petroli hii wameshaibatiza. Na yeye amemwandikia mama yake neno moja tu, bila salamu, bila kuomba baraka, kama mtu anayemtupia mwenzake uchafu mlangoni.

Akaandika. Yeye ambaye ujumbe wake haukuzidi mstari mmoja, aliandika mpaka vidole vikauma.

*Mwanangu nisamehe. Petroli hii niliinusa, nikamwambia Evilásio tupime akakataa, nikanyamaza kwa kuogopa kazi. Ulipotaka kwenda ng'ambo nilikuzuia kwa sababu ya kiburi na Gesiel alikuwa anatazama. Saa nne nimeipima, ni zaidi ya nusu. Ni mimi niliyekujazia. Usijilaumu wewe wala gari. Ni mimi.*

Alituma. Alama mbili zilitokea papo hapo, zikageuka bluu. Ikapita dakika moja, ikapita nyingine. Kisha simu ikaita.

"Mama." Sauti ya Adeilton ilikuwa imechakaa. "Unazungumzia nini?"

"Petroli, mwanangu. Si umesema wameibatiza?"

Nyuma ya Adeilton kulikuwa na sauti ya mashine inayolia taratibu, na viatu vya watu wanaopita haraka.

"Mtoto," alisema Adeilton. "Mtoto ndiye waliyembatiza. Alizaliwa hapumui sawasawa. Muuguzi mmoja mzee akasema huyu asingoje padri, akachukua maji kwenye kikombe. Akaniuliza jina. Tulikuwa hatujakubaliana, na Taíse alikuwa bado hajaamka. Nikataja la kwanza lililokuja. Nikataja lako."

Nalva aliweka mkono mdomoni. Gari liliingia, dereva akapiga honi mara mbili, wala hakugeuka.

"Yu hai?"

"Yumo kwenye kisanduku cha kioo. Anapumuliwa na mashine. Daktari hasemi atapona wala hasemi hatapona." Akapunguza sauti. "Gari liliniishia nguvu Kona ya Mtawa, mama. Lilizima mara nne. Mara ya mwisho lilikaa saa nzima, mpaka lori la ng'ombe likatuvuta. Daktari aliniuliza mbona mmechelewa hivi. Nimekaa hapa nikijipiga kichwa kwamba sikusafisha kabureta Jumamosi, nikaenda kucheza mpira."

"Si kabureta."

"Nimesoma." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Angemtukana, angejua pa kushika. "Uliinusa kabla hujanijazia? Au baada?"

Hapo angeweza kujiokoa. Neno moja dogo lingetosha, na hakuna aliyekuwapo kulikanusha ila Evilásio, ambaye angenyamaza kwa faida yake mwenyewe. Aliogopa kumpoteza kijana huyu kuliko alivyowahi kuogopa njaa.

"Kabla," alisema. "Na wakati naijaza, niliinusa tena."

Ile mashine ililia, ikalia. Mahali fulani kwenye korido mtu alimwita Adeilton kwa jina lake lote, naye akajibu kwamba anakuja.

"Taíse ameamka," alisema. "Anauliza nazungumza na nani. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Napanda basi la saa nane. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

"Ana haki ya kukufukuza."

"Anayo."

Adeilton alivuta pumzi ndefu. "Basi njoo," alisema. "Lakini mtoto usimguse, mama. Usitie hata kidole kwenye kile kisanduku, mpaka Taíse aseme."

Nalva akasema sawa.